Namba Arobaini na Moja

Nenda jioni, aliniambia Shinuna, mguu ukishavimba;
asubuhi mguu ni mwongo, unakubali kila kiatu.
Basi nikaingia Nizwa baada ya alasiri,
nikapita wauza halua, hadi dukani kwa Mundhir
ambaye hakuniuliza nina riyali ngapi.
Aliniuliza: Unakwenda wapi?

Jabali, nikasema.
Akacheka. Jabali lipi, dada?
Kila jabali lina meno yake.

Akatoa buti zito, ngozi mpaka juu ya kifundo.
Halipitishi maji, akalisifu,
kisha akalirudisha mwenyewe rafuni:
Wadi utaivuka maji yakifika magotini.
Kiatu kisichoingiza maji, yakishaingia hakiyatoi.
Utapanda na kisima kila mguu.

Akatoa cha mbio, chepesi,
ukiibonyeza soli inaitika.
Hiki cha ufukweni Maskati,
cha wanaotembea huku wakizungumza na simu.
Kule juu jiwe litapenya
likusalimie unyayo.

Cha tatu kilikuwa na rangi ya vumbi,
pua imevikwa mpira, soli ina mifereji
na katikati haikunjiki.
Akavuta ubao kutoka chini ya meza,
ubao alioubandika vipande vya jabali,
akauinamisha ukutani.
Panda. Nikapanda.
Sasa shuka. Polepole.
Kupanda hakuna neno,
mteremko ndio unaokula kucha.

Ijumaa tukaufuata ukingo wa Wadi Nakhr,
Shinuna mbele, mimi nyuma, mbuzi juu yetu
hawana kamba za kufunga wala namba.
Kujikwaa si kuanguka, tulifundishwa shuleni.
Aliyetunga hakupita hapa.
Hapa, ukijikwaa,
una muda wa kuikumbuka methali yote
kabla hujafika chini.

Nikaketi kukaza kamba.
Karibu na kisigino changu, ndani ya jiwe,
kombe. Limetulia, mistari yake yote ipo.
Nikalipapasa kwa kidole.

Ndipo nikalijua jabali.
Ni mwamba wa Pemba, maji yakitoka,
mama ameinama kuokota chaza
amevaa makatambuga ya tairi la lori,
akinikemea: rudi mchangani, wewe, huna kiatu!
Sikurudi. Nilikuwa na miaka saba.
Kovu lipo mpaka leo, chini ya unyayo wa kulia,
nyembamba kama uzi.

Kumbe jiwe hili na mimi tunajuana.
Bahari tu ndiyo iliyoondoka, haikuaga.

Shinuna akaita: Umechoka?
Sijachoka, nikasema.
Sikumweleza habari za makatambuga,
kwamba nililipa riyali kumi na tisa
kununua alichokikata mama kwa kisu cha jikoni.

Tukaendelea.
Soli ilishika, kila hatua, kama ilivyoahidiwa.
Ila kidole kidogo cha kushoto
kililalamika njia nzima,
na hicho Mundhir
hakukiuliza.