Siku Sita Wete

Nilikuja na orodha iliyokunjwa mara nne:
Ngezi, Vumawimbi, mnara wa taa Kigomasha,
popo wa Kidike, na mashua ya kwenda Fundo.
Wete niliiandika chini kabisa, kwa kalamu ya risasi:
pa kulala tu.

Bi Raya aliisoma ile karatasi,
akavua miwani, akanirudishia.
"Haya si matembezi, mwanangu. Hii hesabu ya duka.
Vua viatu kwanza."

Nyumba yake imejificha nyuma ya bustani
kama mtu aliyechelewa karamu, akaona haya kupita mbele:
vilua, kisha mlangilangi, kisha mkadi,
mrehani mpaka kwenye ngazi,
ndipo unapoiona baraza.
Mtaa mzima uko hivyo. Hata ofisi ya maji
imemezwa na asumini; karani akifungua dirisha
huliomba radhi tawi.

Siku ya kwanza sikufika popote.
Niliteremka hadi bandarini, nikapanda tena,
nikanunua halua, nikakaa.
Muuzaji aliniuliza natoka wapi. Temeke, nikamwambia.
Akaniongezea kipande, kama anayetoa pole.

Ya pili, Hafidh, mjukuu, alinitolea baiskeli
isiyo na kengele. "Kohoa," alisema, "watasikia."
Basi nikakohoa hadi Konde,
kando ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi
yaliyokula nusu ya lami,
harufu ikinifuata kama mdai,
hata Ngezi ikatupokea kwa kiza chake
cha saa nne asubuhi.
Hafidh alinyoosha kidole juu, penye panda ya mti:
kibundi, mdogo, rangi ya kutu, amefumba macho.
"Huyu usiku kucha husema neno moja."
"Lipi?"
"Hu."
Tukasimama tukilitafakari.

Siku ya tatu mvua.
Nilichambua mchele na Bi Raya
na hakuna aliyeniuliza nimefanya nini leo.

Ya nne nilitembea Vumawimbi, mchanga mwanzo hadi mwisho,
mimi na ng'ombe wawili waliojua wanakokwenda.
Kule Kigomasha nilipanda mnara, ngazi zikilia chini yangu,
na nilipofika juu, pumzi imenikatika,
upepo ukitaka kunivua mtandio,
watu wote walitazama maji.
Mimi niligeuka kusini, juu ya migomba na mikarafuu,
nikatafuta bati la Bi Raya.
Halionekani, bila shaka. Nililitafuta tu.

Popo wa Kidike wananing'inia
kama nguo za msiba zilizosahauliwa kwenye kamba.
Hayo ndiyo ya siku ya tano. Nilichoka.
Nililala kabla ya Isha, miguu kwenye beseni.

Ya sita ilikuwa Fundo. Mashua saa moja.
Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu
Bi Raya aliponitokea na buibui lake jeusi:
kuna maziko Mtambwe, na vilua havijanywa maji.
Hakuniomba. Alitaja tu.
Nikashika mpira wa maji.
Mashua iliondoka bila mimi, nikaisikia injini yake
ikipungua, ikipungua, na maji yakinirudi miguuni.
Ningesema sikujuta. Nilijuta, kama saa nzima,
mpaka kilua kimoja kilipofunguka mbele yangu
bila sherehe, kwa harufu tu.

Temeke, ghorofa ya nne, nilipotoa soksi mkobani
zilikuwa zimejaa kishonanguo cha Ngezi, au cha Kigomasha,
sijui. Nilikichomoa mbegu moja moja
nikazifukia kwenye kopo la mafuta ya kupikia.
Zimeota. Jirani yangu, Mama Tedi,
anachungulia kila nikimwagilia:
"Dada, hilo si gugu?"
Ni gugu. Namwambia ni mgeni wangu,
ndiyo kwanza amevua viatu.