Kipindi

Kipindi cha nne, darasa la sita, mtaa wa Umoja.
Nje, mitungi ya maji inagongana juu ya mkokoteni.
Ubaoni nimechora mstari katikati:
huku umoja, kule wingi.
Kiti, viti. Kikombe, vikombe. Kidonda, vidonda.
Chaki imebaki kipande cha ukubwa wa jino.

"Vita," nikasema, na Mutinda hakungoja:
"Kita, mwalimu!"
Darasa likacheka. Nami nikacheka kidogo,
kisha nikawapa nilichopewa na walimu wangu:
vita havina umoja.
Andikeni. Pigeni mstari chini yake kwa rula.

Nsimire hakuandika.
Alikuja muhula uliopita, miguuni viatu vya kaka yake,
na Kiswahili cha Bukavu
ambacho wenzake hukiiga wakidhani hasikii.

"Kwetu mama hasemi vita, mwalimu.
Anasema, ile kipindi.
Ile kipindi tulikuwa na mbuzi tatu.
Ile kipindi baba alienda kutafuta chumvi.
Hasemi ilianza lini."

Sikumsahihisha ngeli.
Nikachukua kamusi, ile iliyopasuka mgongo,
nikasoma kwa sauti:
muda uliotengwa kwa jambo fulani;
sehemu ya siku ya masomo;
matangazo ya redio yenye saa yake.
"Dakika thelathini na tano," nikaongeza, "kama hiki chetu,"
nikajiona mjinga kabla sijafunga kitabu.

Sijui kama neno hili lina udugu na kupinda,
kama mtu anavyopinda karatasi mara nne
akaisukumia ndani ya soksi, mpakani.
Kamusi haisemi.

"Sasa, mwalimu, ile ya mama,
kengele yake anagonga nani?"

Kiranja wa zamu alikuwa ameshashika nondo,
anaipiga rimu ya lori kwenye nguzo ya goli.
Darasa likamwagika mlangoni.
Sikujibu. Naandika hapa kwamba sikujibu.

Jioni, madaftari arobaini na mawili,
chai inapoa, stima inapotea na kurudi.
La Nsimire lilikuwa karibu na mwisho.
Upande wa wingi: vita, kwa mwandiko wa kukaza.
Upande wa umoja hakuweka neno.
Alichora mbuzi,
mmoja tu, bila kamba.

Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi.
Kisha nikaweka vema,
kubwa, ikamgusa mbuzi pembe.