Chapa ya Tatu

Nyuma ya gereji ya matairi, Mabela,
Rayya amezima kiyoyozi: wino hautaki baridi.
Bamba la shaba amelipaka nta,
akamkwaruza humo mama yake kwa sindano ya cherehani,
mikunjo, ushungi, baka la shavu la kushoto,
kisha akamzamisha kwenye asidi.

Dakika kumi tu, alisema.
Simu ikalia, watu wa benki, maneno mengi.
Asidi haina subira wala haya;
ilimla mama chini ya jicho,
ikaacha shimo.

Chapa ya kwanza, hafifu.
Ya pili, karatasi ilikauka mno.
Ya tatu akalizungusha gurudumu kwa uzito wa mwili mzima,
akaibandua pembe taratibu,
kama plasta kwenye goti la mtoto.

Bi Ghaniya akavaa miwani.
Baka limehamia kulia.
"Umenigeuza," alisema.
Akanyamaza. Akasogea.
"Hata. Huyu namjua.
Huyu hunitazama kila alfajiri
kwenye kioo cha bafuni.
Sikujua kama nawe ushamuona."

Akaligusa lile shimo chini ya jicho.
Kidole kikatoka cheusi.
Hakukifuta.