Kipoza Oili

Julai ya mwaka jana tulipanda Kipito cha Toller
hita imefunguliwa mpaka mwisho,
vioo vyote chini, Nevada nzima ikiingia kama pumzi ya tanuri,
na mjomba Beñat, jasho likimchuruzika ndevuni,
akinieleza kwamba hita huifyonza injini joto,
kwamba tukiungua sisi, atapona yeye.
Alisema "yeye". Gari.

Nyuma yetu kondoo arobaini na wawili
kwenye trela la ghorofa mbili,
kwato zao zikigonga bati kila kona.
Mshale wa geji ya oili haukupanda kwa pupa.
Ulipanda kama deni.
Mia mbili na arobaini. Mia mbili na sitini.
Penye kona ya tatu tukasimama, boneti juu,
nikachomoa kijiti: oili nyepesi kama chai ya rangi,
inanuka ukoko.
Jike mmoja hakufika malishoni.
Tulimfukia kwa mawe, maana ardhi ilitushinda.

Mjomba aliilaumu dizeli. Aliilaumu Julai.
Alimlaumu fundi wa Elko, ambaye mkono wake
haujagusa boneti ile miaka sita.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi:
aliyekaa kwenye kiti
hajui beringi zinabeba nini.

Februari nikamletea kipoza,
nimekitoa kwenye gari la wagonjwa lililopinduka njia ya Winnemucca,
dola themanini, na mapezi yake nusu yamelala.
Niliyainua moja moja kwa kisu cha siagi,
usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu,
redio ikitaja bei ya sufu, ikishuka.
"Hicho?" mjomba aliuliza. "Kidogo kama kitabu cha misa!"
Sikumjibu. Nilikuwa chali chini ya injini,
theluji ya matairi ikinidondokea shingoni.

Adapta ikakaa kati ya bloku na chujio.
Mipira miwili, wa kwenda na wa kurudi.
Kipoza chenyewe mbele ya rejeta, nyuma ya grili,
pale upepo unapofika
kabla haujachoka.
Mpira mmoja ulipita karibu mno na ukingo wa chesisi;
ungesuguliwa, ungetoboka, tungerudi kulekule.
Mjomba aliutazama. Akavua mkanda wa suruali,
ngozi aliyoachiwa na baba yake,
akaukata kwa mkasi wa kunyolea kondoo,
akauvika ule mpira kama anamfunga mtoto bendeji.
Siku nzima alishikilia suruali kwa kamba ya marobota.

Tukawasha.
Tone moja juu ya kadibodi.
Robo mzunguko wa spana.
Tukachuchumaa wote wawili, tukingoja tone la pili
kama watu wanaongoja simu.
Halikuja.

"Ndani mna kilango," nikamwambia, "cha themostati.
Hakifunguki mpaka oili ipate moto.
Kilicho baridi hakipozwi."
Akanyamaza, anafuta mikono, anafuta tena.
"Mkaza mjomba wako alikuwa hivyo," akasema.
"Ukimpelekea hasira mbichi, hakugusi.
Anakuacha uchemke.
Ndipo anakuja."
Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu mazishi,
na alimtaja akiwa ameshika kopo la oili.

Julai hii, kondoo thelathini na wanane.
Mshale ukapanda hadi mia mbili na kumi na tano
ukakaa hapo, umeshiba.
Kona ya tatu hatukusimama.
Rundo la mawe lipo, limeota majani ya kijivu.
Mjomba aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani
asiseme kitu.

Karibu na kilele akapandisha kioo.
"Kuna kibaridi," alisema.
"Niwashie hita. Kidogo tu.
Ya kwetu sisi."