Nusu Saa ya Bi Shinuna

Bibi yangu hakuniachia dhahabu.
Aliniachia nusu saa.

Imeandikwa kwa wino kwenye daftari la falaji,
Birkat al-Mauz, chini ya mlima:
Shinuna binti Hamdun, nusu saa ya maji,
kila siku ya kumi, alasiri,
kwa mitende mitatu na mlimau mmoja.
(Mtende wa nne ulikauka mwaka tuliomzika.)

Binamu yangu Khalfan alicheka kwenye simu:
"Ikodishe, dada. Nani ana muda wa kunywesha mitende?"
Nani, kweli.
Mimi niko Ruwi, ghorofa ya tano,
nashughulikia madai ya bima za magari:
nani kamgonga nani, mzunguko upi, taa ipi.
Chai inapoa, naipasha, inapoa.
Jioni nawafuata watoto Maabela
huku najibu ujumbe kwenye taa nyekundu,
mimi, ninayelipwa kujua
ajali huanza vipi.

Usiku silali. Nazimwa tu,
kama mashine ya ofisi,
na asubuhi nawashwa.

Mara ya kwanza nilikwenda ili niuze.
Nilichelewa dakika saba.
Mundhir, kijana anayegawa zamu, hakunilaumu,
alinionyesha saa yake: zimebaki ishirini na tatu.
Niongezee basi, nikamwambia, nimetoka mbali.
Akacheka kwa Kiarabu, akanijibu kwa Kiswahili
alichonyonya kwa mama yake, mzaliwa wa Tabora:
"Maji yakishapita hayarudishwi kwa udhuru."
Akachomoa jiwe na kitambaa mdomoni mwa mfereji,
na haki yangu ikaingia shambani
bila haraka, bila deni la mtu,
ikizunguka shina moja moja
kama mama anayehesabu watoto kabla ya kuzima taa.

Nikavua viatu.
Sikukusudia.
Simu ilikuwa garini, ikilia peke yake.
Nikamkumbuka bibi, ambaye utotoni
nilimwona hapa nikadhani hafanyi kitu:
kakaa ukingoni, miguu majini, nguo kaipandisha,
na akiitwa hageuki.
"Subirini. Nina maji."
Nilidhani anasema habari za mitende.

Siku hizi namwambia mkuu wangu wa kazi:
"Kesho natoka saa saba. Nina maji."
Mwanzo aliuliza kama bomba limepasuka nyumbani.
Sikumsahihisha.

Siendi kila zamu, nisijisifu.
Ramadhani nilikosa mbili:
mtoto aliumwa, kisha wakaguzi wa hesabu.
Maji yangu akapewa jirani,
naye akayapokea bila kinyongo,
kinyongo nikabaki nacho mimi.
Mlimau haukuficha. Majani yalijikunja
kama risiti za zamani.

Juzi nilikwenda na binti yangu, Rayya,
miaka saba, maswali sabini.
"Mama, tumekuja kufanya nini?"
"Kunywesha."
"Mbona umekaa tu?"
Nikasogea, nikampa nafasi ukingoni.
Akatumbukiza miguu, akapiga ukelele,
akanyamaza.

Njiwa mmoja. Harufu ya udongo ulioshiba.
Mahali fulani mtu anatwanga kahawa.

Mundhir akapita na jiwe lake mkononi.
Nikaanza kuinuka, mazoea ya mjini,
nikatafuta viatu kwa kidole cha mguu.
Akatazama saa.
"Bado nne," akasema.

Tukazikaa zote nne.