Limechemsha

Lilishushwa mgongoni mwa lori Jumapili jioni,
jekundu, bapa, kama ulimi uliotolewa kwa kiu,
na nyuma yake wakili Tagliavini,
kiatu kimoja kimelowa maji ya rangi ya chai iliyolala,
akisema, hata salamu hajatoa:
"Limechemsha."

Nikaweka beseni chini ya pua yake. Pua ya gari.
Nikavuta kiti.
Hili ndilo somo la kwanza, na ndilo gumu kwa wenye pesa:
hakuna hundi inayopoza chuma.
Fungua kifuniko kwa haraka
na mvuke utatia sahihi usoni pako.

Gereji yetu iko nje kidogo ya Modena,
jirani na watengeneza siki.
Mlangoni bado pameandikwa ERMES BULGARELLI
na chini yake, kwa rangi mpya, NA BINTI.
Wateja wengi husoma mstari wa kwanza tu.

Saa nne usiku nikaminya bomba la mpira:
likavunjika kama biskuti.
Ndani ya rejeta, chokaa.
Alikuwa akijaza maji ya bomba, ya jikoni,
kwenye injini ya silinda kumi na mbili.
Thamostati nayo imefumba mdomo
kama shahidi aliyehongwa.

"Mara ya mwisho kuliendesha?"
"Juni."
"Juni ipi?"
Akatazama sakafu.
"Na nta uliipaka lini?"
"Jana." Kwa kitambaa laini.
Rimu alizisugua kwa mswaki wa meno.

"Na mshale wa joto?"
Aliuona. Ulianza kupanda tangu Loiano,
polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua.
Lakini walikuwa magari kumi na saba, chama kizima,
watoto wamejipanga ukingoni wanapunga mikono.
"Ningesimama vipi mbele ya watu?"

Sikumjibu.
Baba yangu moyo ulimgongea miezi mitatu,
akaongeza sauti ya redio.

Basi tukaishusha injini yote
ili kuufikia mpira mmoja wa bei ya kikombe cha kahawa,
maana ndivyo walivyoliunda:
uzuri kwanza, mkono wa fundi baadaye.
Gasketi imeungua. Hedi imepinda,
unywele mmoja tu, lakini unywele huo
ni mshahara wangu wa majira mawili.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi;
kuvuja kwa rejeta, sitadanganya,
ni nafuu yangu mimi.

Nililala vibaya wiki hizo.
Niliota nasafisha mfereji usio na mwisho
kwa kijiti cha kiberiti.

Alipokuja kulichukua, tukaliwasha.
Nikaweka kiganja juu ya bomba la juu: moto.
La chini: baridi, baridi, baridi,
kisha, kama mgeni aliyekwisha kufuta miguu,
joto likaingia.
Wakili akauliza, huku kalamu mkononi:
"Nilipe kiasi gani lisirudie tena?"

"Kila Alhamisi nenda nalo kununua mkate."
Akacheka.
Mimi sikucheka.
Chuma hiki hakiuawi na mbio, nikamwambia,
kinauawa na turubai.

Leo ni Alhamisi. Msimu wa zabibu.
Trekta ya akina Montorsi inakokota tela lake,
matope yanaruka,
na nyuma yake, mwendo wa baiskeli,
farasi mia nne wamefunga adabu.
Naweka spana chini, nasikiliza.
Feni inawaka, inazima. Inawaka, inazima.
Vumbi hadi kwenye vioo, na hajali.
Mkate umekaa kiti cha abiria, umefungwa mkanda.

Ananipungia mkono.
Awamu ya tatu ya deni hajalipa.
Nitamkumbusha,
injini ikishapoa.