Skrubu ya Tano

Asgeir, aliyezikaza ngoma za shule miaka thelathini na mmoja,
yuko nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, upande wa barabara.
Mguu umegoma. Sikio halijagoma.
Mimi ni mhudumu tu. Najua mabomba ya joto,
najua bawaba, najua theluji isukumwe wapi kabla ya saa moja.
Muziki siujui. Mke wangu huniomba nisiimbe kanisani.

Kesho ni kumi na saba Mei.
Bodø nzima itajipanga kandokando kuwatazama watoto
wakipita na makoti mekundu yaliyowazidi mabega,
na ngoma zao sita ziko hapa, chumba cha chini,
ngozi mpya zimelala juu yake kama sahani tupu.

Kamati ya wazazi imeninunulia ufunguo.
Mfupi, mzito, una pete yenye namba.
Unauwekea kikomo, unauzungusha,
na ukifika hauzidi: unateleza, unasema tak.
Katika maisha yangu sijakutana na wengi
wanaojua kusema basi.

Skrubu ya kwanza. Kisha inayoitazama ng'ambo.
Kisha navuka tena, kama mtu afungaye gurudumu,
kamwe si jirani kwa jirani,
maana ngozi ikivutwa upande hukunja uso,
na uso huo haukunjuki.
Nusu mzunguko, vuka.
Nusu mzunguko, vuka.
Saa nne usiku, dirishani bado mchana,
theluji chafu imejibanza nyuma ya banda la baiskeli.

Ngozi ivute ingali maji, husemwa.
Hii ni plastiki. Haijawahi kuwa maji,
haijawahi kuwa mbuzi wa mtu.
Inachodai ni haki: nane, sawasawa.
Tak. Tak. Nane.
Nikampigia simu Asgeir, nijigambe kidogo.

"Gonga karibu na kila skrubu," akasema,
"vidole viwili kutoka ukingoni. Halafu nyamaza."
Nikaiweka simu kitini. Nikagonga, nikazunguka.
Nilisikia pumzi yake, na sauti ya kijiko kikombeni.

"Ya tano inasema uongo."

"Imesema tak. Namba ileile."

"Ufunguo unapima jasho la skrubu, Oddvar.
Ngozi hauijui."

Nikaifungua ya tano. Kutu, rangi ya chai iliyolala,
mizingo yote. Nguvu niliyoipa
ilikuwa inaliwa njiani, kama posho ipitayo mikono mingi,
na ngozi mwisho wa foleni ikipokea salamu tu.
Nikaisugua kwa brashi ya waya,
nikaitia mafuta ya mnyororo wa baiskeli, tone moja,
nikairudisha. Ikazunguka zaidi ya zile nyingine,
zaidi, nikaogopa, zaidi tena,
tak.

Nikagonga tena, zote nane.
Kimya. Nilidhani simu imekatika.
"Haya," akasema. "Lete nyingine."

Ngoma ya nne ilipofika mezani alikuwa anakoroma.
Sikuikata simu. Mbili za mwisho nilizikaza peke yangu,
kila skrubu nikaipa mafuta yake,
kila skrubu nikaiuliza mara mbili,
nikagonga na sikusikia chochote cha kuniambia ndiyo
wala hapana.

Asubuhi nilitembea nyuma ya watoto
na mfuko wa vijiti vya akiba.
Sunniva wa darasa la tano alipiga ngoma yake
bila kuitazama, akitafuna kitu. Hakuna aliyegeuka,
hakuna aliyesema ngoma hizi vipi,
na kwa mhudumu hiyo ndiyo sifa.

Tulipopita chini ya dirisha la Asgeir
alikuwa ameegemezwa mito, kidevu juu, macho yamefumba.
Mstari wa ngoma ulipokuwa sawa naye
akaunyanyua mkono, vidole vitano, wazi.

Hadi leo sijui
kama ilikuwa salamu.